Wimbi Huenda, Resori Hubaki

Mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi mwalimu aliyekuwa bora kuliko wote waliowahi kushika chaki kati ya Masisi na Walikale. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa miaka mitatu, katika kila kambi, kila soko na kila nyumba ya pombe ya ndizi niliyopita, na nilisema kwa sauti kubwa, maana Mungu hakunipa ndogo. Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao. Mtu akiwa na jiwe ndani ya kiatu na safari bado ni ndefu, afadhali acheke kuliko achechemee.

Tulimwita Mwalimu, basi. Jina alikuwa nalo, limeandikwa katika daftari la karani wa kambi, lakini katika kinywa cha mtu sikulisikia. Kwamba alikuwa mtu wa Masisi, wa milima ya Ngungu, hilo lilijulikana bila kuulizwa, kwa sababu alivaa koti la sufu ndani ya msitu wetu wa Walikale ambamo hata mijusi hutoka jasho. Alizaliwa lini, baba yake alikuwa nani, kama aliwahi kuoa ao hakuoa, sijui. Wengine walisema mke wake alikufa. Wengine walisema mke yupo ila alichoka kusahihishwa. Nami nikikumbuka alivyotusahihisha sisi, huyo mke simlaumu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, katika kambi ya mgodi wa kasiterite, yale mawe meusi mazito ambayo Wazungu huyeyusha wakapata bati. Mchana tulichimba na kuosha changarawe mtoni. Saa kumi na moja kengele ya kazi ikilia, wanaume kumi na wanne tulinawa miguu na kuingia katika magasini ya zamani, ghala lenye sakafu ya simenti. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya jioni. Kulikuwa na kapita mmoja mwenye tumbo, aliyetuamuru mchana na jioni akakosa hesabu zote. Kulikuwa na mfua vyuma wa kambi, mtu wa maneno machache na mikono kama majembe. Mimi nilikuwa mtu wa kusukuma kigari cha mchanga, na kigari changu, naapa, kilikuwa kizito kuliko kanisa.

Programu iliyobandikwa ukutani ilisema kusoma, kuandika, na hesabu za aina nne. Mwalimu aliifuata programu hiyo kama askari anavyofuata mstari. Lakini nusu saa ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Aliiita "mambo ya dunia." Katika nusu saa hiyo alituambia kwa nini moshi hupanda, kwa nini shoka lenye mpini mrefu hupasua vizuri, kwa nini radi huonekana kwanza ndipo isikike. Na nusu saa yake haikuwahi kuwa nusu saa. Yeye aliyefunga mlango mbele ya pua ya mtu aliyechelewa dakika mbili, somo likiisha hakujua kuufungua. Mara nyingi kapita ndiye aliyesimama na kusema, "Mwalimu, tuhurumie, wake zetu watafikiri tumekufa." Naye angefuta ubao polepole, herufi moja moja, kama mtu anayetafuta sababu ya kubaki.

Neno lake kubwa lilikuwa "Ngapi?" Sote lilituumiza, lakini mimi liliniua. Siku moja nilichelewa dakika moja, nikajitetea kwamba nimekutana na nyoka mrefu kama barabara ya kwenda Masisi.

"Ngapi?" akauliza.

"Metre kumi, Mwalimu. Pengine kumi na tano."

"Ulipima?"

"Nilikimbia."

"Basi andika kwenye ubao: Niliona nyoka, nikakimbia. Ile njo ukweli yako. Ile ingine iko ya nyoka."

Niliandika. Darasa lilicheka mpaka mabati yakalia. Yeye hakucheka. Kicheko chake kilikuwa kukunja midomo ndani, kama mtu aliyeonja ndimu akaona aibu kutema.

Resori ilimfikia kutoka jalalani. Mtoto wa enjenia alikuwa ametumiwa mchezo kutoka Ulaya: springi, waya bapa wa chuma uliojikunja duara juu ya duara, laini sana, ukiuweka juu ya ngazi unashuka wenyewe daraja kwa daraja kama mzee anayeteremka mlima bila haraka. Mtoto alicheza nao siku tatu, ya nne ukajifunga mafundo. Yeyote aliyewahi kushika kitu kile anajua: kikishikana, kimeshikana. Mpishi wa enjenia alikitupa, Mwalimu akakiokota. Kila jioni baada ya somo alikaa barazani kwake, akifungua duara moja, akilaza, akifungua jingine. Mimi huwa nasema alichukua miezi sita. Kama yeye angekuwa hapa angeniuliza ngapi, na ningelazimika kukubali kwamba zilikuwa wiki tatu. Lakini wiki tatu za mtu mmoja na waya mmoja, jamani, hebu zihesabu vizuri.

Kwanza hakutuonyesha resori. Alitupanga sisi wote kumi na wanne bega kwa bega kutoka ukuta hadi ukuta, halafu akamsukuma kapita aliyekuwa wa kwanza. Kapita akanisukuma mimi, mimi nikamsukuma mwenzangu, na msukumo ukapita mwili kwa mwili hadi kwa mfua vyuma aliyekuwa wa mwisho, naye akaanguka juu ya magunia ya chumvi.

"Nani alitembea?" Mwalimu akauliza.

Tukatazama miguu yetu. "Hakuna muntu, Mwalimu."

"Sasa nini ilitembea?"

Kutoka kwenye chumvi, sauti ya mfua vyuma: "Ni ule musukumo, Mwalimu. Na umenikuta mimi."

Ndipo alipotoa resori katika mfuko wa koti. Alimpa mfua vyuma ncha moja, akarudi nyuma na ncha nyingine hadi waya ukalala sakafuni hatua saba. Katikati alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye duara moja. Akasema tuutazame uzi tu. Akatikisa mkono wake mara moja, upande. Nundu ikatoka mkononi mwake ikakimbia juu ya simenti kama panya chini ya mkeka. Ilipofika kwenye uzi mwekundu, uzi uliruka, ukarudi, ukatulia palepale.

"Wimbi inaenda," akasema, "resori inabaki. Sauti yangu vilevile. Nikisema, hewa ya kinywa yangu haifike kwenu. Mumushukuru Mungu, maana leo nimekula kitunguu."

Hiyo ndiyo mara moja niliyomsikia akitania, na alitania kwa uso wa mtu anayesoma tangazo la kodi.

Kapita hakuridhika. "Na wakati tunapitishiana ndoo za muchanga kwenye mustari? Watu wanabaki, ndoo inaenda. Ile pia ni wimbi?"

"Hapana. Ndoo ni muzigo. Wimbi haina muzigo. Kwenye wimbi, hakuna kitu chenye kufika isipokuwa kule kufika kwenyewe."

Tulikwenda nyumbani na maneno hayo kichwani kama watu waliokunywa. Mke wangu aliniuliza nimesoma nini. Nikamsukuma begani kidogo, nikamwambia, "Hiyo." Alinirudishia kwa mwiko.

Mambo ya upweke wake niliyaona kidogo kidogo, na nayasema sasa kwa sababu wakati ule niliyafanyia mzaha. Sisi watu wa msitu, mti ni nyumba na kivuli ni mama. Yeye msitu ulimbana. "Huku hamuna mbali," alikuwa akisema. Kwao Ngungu, mtu akitoka mlangoni anaona kilima, nyuma ya kilima kilima kingine, na moshi wa jirani anayelima ng'ambo. Kwetu unaona mti, na nyuma yake ndugu yake. Basi kila Jumapili baada ya misa alipanda juu ya lile rundo kubwa la changarawe iliyooshwa nyuma ya kambi, akasimama huko na koti lake, mikono nyuma, akiangalia upande wa mashariki. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni walimwita "mnara." Nilipanda siku moja nimuulize anaona nini.

"Miti," akasema.

"Sasa unapanda kwa nini?"

"Labda siku moja itaanguka."

Mwenzake wa lugha hakuwa naye. Mwezi kwa mwezi alipita mfanyabiashara mmoja wa maharagwe kutoka Masisi, na huyo Mwalimu alimshika kama kupe. Alimsalimu kwa Kihunde barabarani, akambebea gunia, akamketisha barazani, akamuuliza habari za mvua, za barabara, za shamba la fulani lililo karibu na kijito fulani. Mtu huyo alikuja kwetu akipangusa uso. "Mwalimu yenu ile," akasema, "hanunui maharagi. Anakula maneno. Ameniuliza habari ya muti mumoja! Muti, ndugu yangu! Kama bado umesimama!" Tangu siku hiyo alizunguka kambi kwa upande wa mto ili asipite mbele ya baraza lile. Mwalimu hakujua. Aliendelea kuweka kiti cha pili nje kila alipohesabu kuwa mwezi umetimia.

Na kuna Jumapili moja alasiri nilipita kumpelekea ndizi za mke wangu. Nilimkuta amefunga ncha ya resori kwenye msumari wa mlango wake, amechuchumaa uani akishika ncha nyingine. Alitikisa. Nundu ikaenda hadi kwenye msumari, ikarudi imegeuka: ilikuwa imetoka upande wa kulia, ikarudi upande wa kushoto.

"Unaona?" akasema bila kushangaa kwamba nipo. "Musumari haupokee. Unakurudishia chako, na unakigeuza kichwa chini."

"Na mkono wa muntu?"

"Muntu akishika vizuri, akilegeza kidogo, wimbi inaingia kwake. Hairudi."

Nilikuwa na kazi zangu, kumbe hata sikuwa na kazi. Niliweka ndizi nikaondoka. Ningeweza kukaa. Naweza kutoa hesabu ya mambo elfu niliyoyafanya vizuri maishani, ila alasiri hiyo haimo.

Sasa nieleze daraja, maana bila daraja hamtaelewa kosa langu. Sisi wa Walikale tunavuka mito kwa madaraja ya kamba za msituni: kamba nene moja ya kukanyaga, mbili za kushika, na chini maji yenye hasira. Daraja ni la mtu mmoja. Wawili hawapishani. Kwa hiyo kwetu, kabla hujakanyaga, unashika kamba ya mkono na kuitikisa mara tatu, kisha unangoja. Kama ng'ambo kuna mtu aliyekwisha kuingia ao anayetaka kuingia, anakujibu mara tatu, nawe unabaki ulipo. Asiyejibu anaua. Mtoto wa kwetu hajajua kusema mama, tayari anajua kujibu kamba. Hapo nimezidisha, lakini si sana.

Mwalimu alipofika nchi yetu mara ya kwanza hakujua. Aliingia tu, na koti lake, akafika katikati akakutana uso kwa uso na mama yangu mdogo aliyebeba kikapu cha mihogo. Mama mdogo alikataa kurudi. "Papa," akamwambia, "mimi nilitikisa. Wewe ulitikisa?" Mwalimu ilimbidi arudi kinyumenyume njia yote, hatua thelathini, akishika kamba macho yamefumba, na mama mdogo akimfuata na kumsomea makosa yake moja moja. Alipotusimulia yeye mwenyewe darasani alimaliza hivi: "Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeingia bila kuuliza." Alikuwa mkali kwa kila mtu, lakini akikosa alijiandikia sifuri mwenyewe, mbele yetu, kwa chaki.

Halafu likaja neno kwamba enspekta atakuja.

Karani ndiye aliyelileta, wiki mbili kabla. Enspekta wa shule, Mzungu, angekaa jioni moja akatazama kama shule yetu inastahili kuendelea na kama mwalimu wake anastahili kubaki. Karani alilisema hivyo wazi, amesimama mlangoni, na Mwalimu alisikia amegeukia ubao. Hakugeuka. Sisi ndio tuliogopa. Kumi na wanne tulioosha mawe tangu utoto, tulikuwa tumefika kwenye mgawanyo. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache nipewe cheti. Mfua vyuma, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangejaa kijiko, alisema, "Akienda yeye, mimi sitasoma tena." Tulikubaliana tutapiga pasi mashati, tutajibu kwa sauti, na mimi nitanyamaza kabisa.

Siku hiyo Mwalimu alikuja na suruali aliyoilaza chini ya godoro, mikunjo yake ingeweza kukata nyama. Enspekta aliketi kwenye kiti cha karani, kofia juu ya magoti, daftari dogo juu ya kofia. Tulisoma. Vizuri. Tuliandika. Vizuri. Kapita aligawanya mia moja ishirini kwa nane na akapata kumi na tano, jambo ambalo halijatokea tena hadi leo. Enspekta aliangalia saa yake. Mambo yalikuwa yamekwisha, salama. Mwalimu angesema tu "asante" tukaenda zetu.

Akaingiza mkono katika mfuko wa koti.

Nilimwona kapita akifumba macho. Mfua vyuma ndiye aliyezoea kushika ncha ya pili, lakini alikuwa ameungua kiganja asubuhi ile, amefungwa kitambaa. Mwalimu akapitisha macho kwetu, yakasimama kwangu.

"Wewe. Kuya. Shika tu. Hapana fanya kitu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hapana fanya kitu kabisa."

Nilishika. Alirudi nyuma hatua saba. Alitikisa mara ya kwanza, nundu ikanifikia mkononi, laini, kama samaki anayeonja ndoana. Akatikisa ya pili. Akatikisa ya tatu. Na mkono wangu, wazee, mkono wangu uliozaliwa kabla yangu, ukajibu. Mara tatu. Sikuuamuru. Ningeweza kuambiwa nisipumue, lakini ukinitikisia kamba mara tatu nami nimeshika ncha nyingine, kuna mtu juu ya maji, na mimi si muuaji.

Nundu yangu ya kwanza ikatoka wakati yake ya tatu haijafika. Zikakutana katikati, karibu na uzi mwekundu. Sote tulingoja zigongane, kama mama mdogo na Mwalimu. Mahali pale resori ikapanda, nundu moja kubwa kupita kila moja. Kisha yake ikaendelea kuja kwangu na yangu ikaendelea kwenda kwake, kila moja nzima, kana kwamba hakuna iliyokutana na nyingine.

Magasini ililipuka. "Zimepishana!" kapita alipiga kelele. "Zimepishana kwenye kamba moja!"

"Hapana, zimerudishana!"

"Wewe huna macho? Yake ilikuwa kubwa, ya huyu mupumbavu ilikuwa ndogo, na ndogo njo imefika kule!"

Mwalimu alikuwa amepiga magoti juu ya simenti na suruali yake ile. Mikunjo yote ilikufa. Alikuwa amesahau enspekta, amesahau saa. "Tena," akasema. "Jibu tena. Jibu!" Tulifanya tena, na tena. Mfua vyuma alilala kifudifudi sakafuni ili aone kwa usawa. Siku hiyo peke yake niliona meno ya Mwalimu, na nasema hili bila kuzidisha hata jino moja: alikuwa mtu mwenye tabasamu zuri, hakuna aliyekuwa akijua.

Tulipokumbuka mgeni alikuwa amesimama, kofia kichwani. "Hii ni masomo ao ni muchezo?" akauliza kwa Kiswahili chake. Mwalimu akasimama, akapangusa magoti, akajibu, "Ni masomo, Bwana." Enspekta akaandika mstari mmoja katika daftari, akatoka. Gari lake lilisikika hadi likazamishwa na miti.

Juma lililofuata, Mwalimu hakuwapo. Nyumba yake ilikuwa imefagiwa, ufunguo kwa karani. Alikuwa ameondoka alfajiri na sanduku moja kichwani. Hakumuaga mtu. Resori aliiacha juu ya meza ya darasa.

"Ni wewe," kapita aliniambia mbele ya wote. "Alikuambia hapana fanya kitu."

Mfua vyuma alitimiza neno lake, hakurudi tena darasani. Mwalimu mpya alikuja kutoka misheni, kijana safi mwenye diploma, akafuta "mambo ya dunia" na kumaliza kwa saa. Resori aliifunga kwenye mlango ili ujifunge wenyewe. Kila aliyeingia alituma wimbi hadi kwenye bawaba, na hakuna aliyelitazama. Mimi nilimaliza, nikapata cheti chenye muhuri, nikakitia kwenye kopo la maziwa ili mchwa wasihitimu pamoja nami. Na nikaanza kuisimulia hadithi yangu sokoni, ile ya mtu aliyemfukuzisha mwalimu kwa kutikisa mkono.

Mwaka wa tatu nilishindwa kuvumilia. Hadithi ilikuwa bado inachekesha watu, lakini mimi ilikuwa imeanza kunikaba. Nikaomba siku za mapumziko, nikapanda kamio iliyobeba mbao hadi Masisi, kutoka hapo nikatembea kwa miguu kwenda Ngungu. Njia ilikuwa tope hadi kiunoni. Haya, hadi magotini. Huko juu niliona ile "mbali" yake: vilima juu ya vilima, mashamba kama viraka vya nguo, na baridi ya kumfanya mtu wa msitu aombe koti.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ndogo ya nyasi, amekaa juu ya gogo, akikwangua udongo kwenye jembe. Kichwa kilikuwa kimekuwa cheupe. Jirani yake wa karibu alikuwa moshi tu, ng'ambo ya bonde.

"Karibu," akasema, kama mtu aliyeniona jana. "Umetoka kule kwa miguu?"

"Nusu kwa kamio. Mwalimu, nimekuya kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ile siku ya enspekta. Uliniambia hapana fanya kitu. Mimi nikajibu. Njo mimi nilikufukuzisha."

Alikwangua kidogo zaidi. Halafu akalaza jembe chini.

"Barua ya kuniondoa ilifika siku nane mbele ya enspekta kufika," akasema. "Karani alinionyesha kwa siri. Walikuwa wamekwisha kupata muntu wa misheni mwenye diploma. Mimi sina diploma. Sijawahi kuwa nayo. Enspekta alikuya kutazama tu, kila kitu kilikuwa kimekwisha."

Nilibaki nimesimama. "Sasa ulijua! Kama ulijua, kwa nini ulitoa resori?"

"Nilikuwa nimebaki na somo moja. Ulitaka niwafundishe hesabu ya kutoa kwa kuazima?"

Furaha ilinipanda kwanza. Miaka mitatu ilinidondoka mgongoni kama gunia la mtu mwingine. Nilicheka, nikapiga makofi, nikamzunguka mzee wa watu kama ngoma. Kisha wazo la pili likafika, nikasimama.

"Mwalimu. Ulijua kama mimi ninajiweka kosa?"

"Ule wa maharagi aliniambia. Alisema kuna mumoja kule, katika kila soko anapiga kelele kama yeye njo alinifukuzisha."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza! Na ule muntu anapita kwetu kila mwezi! Neno moja tu, Mwalimu. 'Haikuwa wewe.' Haina uzito, angelibeba bure. Umeniacha miaka mitatu!"

Nilikuwa nimekasirika kweli. Sikuwahi kumpazia sauti namna ile. Yeye aliangalia bonde.

"Mulikuwa watu kumi na ine," akasema. "Nani mwingine amekuya?"

Ni mimi peke yangu, naye alijua.

"Kama ningekutumia ile neno," akauliza, polepole, bila kunitazama, "ungekuya?"

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba ningekuja mbio, ningekuja usiku huohuo, ningeogelea mito yote ya Walikale na sanduku la zawadi kwenye meno. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Upepo wa Ngungu ulikuwa unapita kwenye mahindi. Niliyameza.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Singekuya."

Aliitikia kwa kichwa, kama vile nimetoa jibu sahihi ubaoni. Kisha akasogea kwenye gogo, pakawa na nafasi ya mtu wa pili.